Somo la Tisa: Ufahamu, Ufupisho na Insha – Mji Baada ya Mgodi

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili uweze:
(a) kusoma kifungu kirefu chenye miaka na takwimu bila kupotea;
(b) kueleza maana ya maneno na misemo kama ilivyotumika katika kifungu;
(c) kufupisha aya kadhaa kwa idadi ya maneno uliyopewa;
(d) kutumia habari uliyoisoma kujenga hoja za insha.

Maelezo ya awali

Watahiniwa wengi hupoteza alama katika ufahamu ingawa Kiswahili wanakijua vizuri. Kosa lao ni kujibu wanachokijua badala ya walichokisoma. Kwa sababu hiyo, kifungu cha somo hili kinahusu mji wa mbali, Yubari, ulioko Japani. Hutaweza kujibu kwa mazoea. Kila mara itabidi urudi kwenye kifungu. Hata hivyo, jambo linalozungumzwa linaweza kuupata mji wowote: mji uliojengwa na kitu kimoja utaishije kitu hicho kikiisha?

Fuata hatua hizi unaposoma:

1. Pitia maswali haraka kabla ya kusoma kifungu, ujue unachotafuta.
2. Soma kifungu mara ya kwanza bila kuandika chochote. Lengo ni kupata mtiririko wa habari.
3. Soma mara ya pili. Pembeni mwa kila aya andika maneno matatu hadi matano yanayobeba wazo kuu la aya hiyo.
4. Pigia mstari miaka na takwimu. Jiulize kila takwimu imewekwa ili kuthibitisha nini.

Kifungu cha habari

(1) Yubari ni mji mdogo uliojengwa bondeni, katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Mwaka 1888 makaa ya mawe yaligunduliwa huko, na haikupita miaka mingi uchimbaji ukaanza. Reli ilifuata makaa, na watu wakafuata reli. Mwaka 1943 Yubari ulipewa hadhi ya mji, na kufikia mwaka 1960 ulikuwa na wakazi wapatao 117,000 na migodi zaidi ya 20. Kampuni za migodi hazikulipa mishahara tu. Zilijenga nyumba za wafanyakazi, zikaendesha hospitali na kuvuta maji. Mchimbaji aliishi katika nyumba ya kampuni, na mtoto wake akiugua alipelekwa hospitali ya kampuni. Wachache walikuwa na haja ya kuuliza ni nani angebeba mzigo huo siku kampuni ikiondoka.

(2) Siku hiyo ilikuja polepole. Katika miaka ya 1960 Japani iligeukia mafuta ya petroli, na makaa yaliyoagizwa kutoka nje yakawa nafuu kuliko yale yaliyochimbwa chini kabisa ya milima ya Yubari. Kadiri wachimbaji walivyoshuka, ndivyo hatari ya gesi ilivyoongezeka. Tarehe 16 Oktoba 1981 gesi ilifumuka kwa nguvu katika mgodi mpya wa Yubari, na moto ukawaka. Watu 93 walifariki. Moto ulipokataa kuzimika, ulifanywa uamuzi mzito: maji yaliingizwa mgodini ilhali baadhi ya wafanyakazi walikuwa hawajapatikana. Mgodi huo ulifungwa mwaka uliofuata. Mgodi wa mwisho mjini humo ulifungwa mwaka 1990, na vijana waliokuwa bado hawajaondoka wakafunga mizigo.

(3) Kampuni ziliondoka, lakini nyumba, hospitali na mabomba ya maji havikuondoka nazo. Halmashauri ya mji ilivichukua, na kwa ajili hiyo ilitumia fedha nyingi za mikopo. Meya Tetsuji Nakata, aliyeuongoza mji kuanzia mwaka 1979 hadi 2003, alitafuta namna ya kuuokoa. Kwa Kijapani mgodi wa makaa huitwa tanko na utalii huitwa kanko. Kaulimbiu ya mji ikawa kutoka tanko kwenda kanko. Yalijengwa makumbusho ya makaa na bustani kubwa ya burudani. Mwaka 1990, mwaka uleule mgodi wa mwisho ulipofungwa, mji ulianzisha tamasha la kimataifa la filamu. Wageni walikuja, lakini hawakutosha. Wawekezaji binafsi walipoona hasara na kujiondoa, halmashauri ilinunua hoteli na eneo la kuteleza kwenye theluji ili shughuli zisisimame. Mwaka 2001 sheria iliyoyapa maeneo ya makaa ruzuku ya serikali kuu ilifikia ukomo. Wakazi walipungua na mapato yakapungua, lakini matumizi yalibaki yale ya mji mkubwa. Ili hesabu zionekane sawa, halmashauri ilichukua mikopo ya muda mfupi kufidia pengo la mwaka mmoja, kisha mwaka uliofuata ikakopa tena kulipa ule wa kwanza. Yubari ulikuwa mji unaokufa na tai shingoni.

(4) Mwezi Juni 2006 ukweli ulitoka hadharani. Mji ulitangaza kwamba umeshindwa kuhimili madeni yake, na Machi 2007 ukawekwa chini ya usimamizi wa serikali kuu. Deni lililopaswa kulipwa lilikuwa takribani yen bilioni 35.3. Wakazi wakati huo walikuwa kama 13,000. Ukigawanya, kila mmoja wao, kuanzia mtoto mchanga hadi bibi wa miaka tisini, alibebeshwa karibu yen milioni 2.7.

(5) Mpango wa kubana matumizi uligusa kila nyumba. Mishahara ya watumishi wa mji ilikatwa kwa wastani wa asilimia 30, na wengi wao wakaacha kazi. Kodi na ada zilipanda. Hospitali ya mji iliyokuwa na vitanda 171 iligeuzwa kuwa kituo cha afya chenye vitanda 19. Shule za msingi ziliunganishwa hadi ikabaki moja tu. Maktaba ilifungwa. Tamasha la filamu lilifutiwa fedha, lakini wakazi na wapenzi wa filamu walijikusanya, na mwaka 2008 likarudi likiendeshwa na wananchi wenyewe. Mji ulipata hata vikaragosi wawili wa kuutangaza, mume na mke, walioitwa Yubari Fusai. Kwa Kijapani tamko fusai lina maana mbili: mume na mke, na pia deni.

(6) Mwaka 2008 serikali ya Tokyo ilimtuma mtumishi wake kijana, Naomichi Suzuki, kwenda kusaidia Yubari. Mwaka 2011 aligombea umeya na kushinda akiwa na umri wa miaka 30. Mpango wa mji wakati wa uongozi wake haukulenga kuwarudisha watu 117,000. Ulilenga kuupanga mji upya kulingana na watu waliobaki. Kabla ya hapo wakazi walitawanyika katika mitaa ya zamani ya migodi, ambako jengo zima liliweza kubaki na familia chache tu. Sasa walihimizwa kusogea eneo la Shimizusawa, katikati ya mji. Nyumba zikikaribiana, gharama ya kuleta maji, kuondoa theluji barabarani na kumfikia mgonjwa hupungua. Mwaka 2016 Suzuki aliwashangaza wengi alipotangulia kuipendekezea kampuni ya reli ilifunge tawi la Yubari, kwa masharti kwamba mji usaidiwe kuimarisha usafiri wa mabasi. Treni ya mwisho ilipita tarehe 31 Machi 2019.

(7) Kitu kilichodumu Yubari hakikuanza kama mradi wa kuuokoa mji. Mwaka 1960, makaa yakiwa bado yameshamiri, wakulima wa huko walianzisha ushirika wa kulima aina ya tikiti lenye nyama ya rangi ya chungwa. Leo jina la Yubari linajulikana Japani nzima kwa tikiti hilo. Mwezi Mei 2019 jozi ya matikiti ya kwanza ya msimu iliuzwa kwa yen milioni 5 katika mnada wa Sapporo, ingawa hiyo ni bei ya kufungulia msimu wala si bei ya sokoni kila siku. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 7,334, na zaidi ya nusu yao walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Mwaka huohuo lilifunguliwa Shimizusawa jengo moja lenye maktaba, ukumbi na mahali pa kusubiria mabasi. Ratiba ya kulipa deni ilipangwa kukamilika Machi 2027. Yubari hautarudi kuwa mji wa watu laki moja. Umeacha kujifanya kuwa mji huo, na baada ya kuacha, umeweza kuwa na maktaba tena.

Maswali

1. Andika kichwa cha habari kinachofaa kifungu ulichosoma, kisichozidi maneno matano.
2. Eleza maana ya maneno na semi zifuatazo kama zilivyotumika katika kifungu:
(a) ruzuku (b) kufidia (c) kufa na tai shingoni
3. Taja sababu mbili zilizofanya makaa ya Yubari yapoteze soko.
4. Kwa nini hali mbaya ya fedha ya mji haikuonekana mapema?
5. Takwimu ya vitanda 171 na 19 inathibitisha nini?
6. "Kukopa harusi, kulipa matanga." Onesha jinsi methali hii inavyoafikiana na aya ya 3 hadi ya 5.
7. Je, mwandishi anamtwisha meya Nakata lawama zote? Thibitisha jibu lako kwa hoja mbili kutoka katika kifungu.
8. Ni ujumbe gani unaoupata katika aya ya mwisho?
9. Fupisha aya ya 3 hadi ya 6 kwa maneno yasiyopungua 70 na yasiyozidi 80.

Majibu na maelezo yake

Swali la 1. Jibu: Yubari: Mji Uliokubali Kupungua. Kichwa kizuri hubeba habari yote. "Ajali ya Mgodi wa Yubari" hakifai kwa sababu ajali imo katika aya moja tu. "Matikiti ya Yubari" hakifai kwa sababu hiyohiyo. "Mji Baada ya Mgodi", ambacho ni sehemu ya jina la somo hili, kinakubalika lakini ni cha jumla mno. Kingefaa mji wowote.

Swali la 2. (a) Ruzuku ni fedha za msaada zinazotolewa na serikali ili kupunguza mzigo wa gharama. (b) Kufidia ni kuziba pengo la fedha zilizopungua. Angalia: katika habari nyingine kufidia huweza kuwa kumlipa mtu aliyepata hasara au madhara. Ukiandika maana hiyo hapa utakosa alama, maana swali limesema "kama zilivyotumika katika kifungu". (c) Kufa na tai shingoni ni kuficha dhiki na kujionesha mwenye uwezo huku hali ikizidi kuwa mbaya.

Swali la 3. Japani iligeukia mafuta ya petroli. Na makaa yaliyoagizwa kutoka nje yalikuwa na bei nafuu zaidi. Ajali ya mwaka 1981 si jibu la swali hili. Ajali ilichangia kufungwa kwa mgodi mmoja, lakini swali limeuliza kuhusu soko. Soma neno lenye uzito katika swali kabla ya kunyanyua kalamu.

Swali la 4. Kwa sababu halmashauri ilichukua mikopo ya muda mfupi kuziba pengo la kila mwaka, kisha ikalipa mkopo wa zamani kwa mkopo mpya, hivyo hesabu zikaonekana sawa.

Swali la 5. Inathibitisha ukubwa wa mpango wa kubana matumizi na jinsi ulivyogusa huduma za lazima kama afya. Mtahiniwa anayejibu "vitanda 152 vilipungua" amefanya hesabu sahihi, lakini hajajibu swali. Takwimu katika kifungu ni ushahidi; eleza ni ushahidi wa jambo gani.

Swali la 6. Methali ina maana kwamba wakati wa kukopa huwa na furaha na wakati wa kulipa huwa na majonzi. Katika aya ya 3 mji ulikopa huku ukiendesha bustani ya burudani, hoteli na tamasha; hiyo ni harusi. Katika aya ya 4 na ya 5 mji ulilipa kwa mishahara iliyokatwa, kodi zilizopanda, hospitali iliyopunguzwa na maktaba iliyofungwa. Hayo ni matanga. Jibu kamili lina sehemu tatu: maana ya methali, upande wa kukopa na upande wa kulipa. Wengi huandika ya kwanza tu. Aidha, jibu la mtahiniwa makini litaongeza kwamba waliolia matangani si wote waliocheza harusini. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2006 hakukopa chochote, lakini aliingia shuleni baada ya shule kuanza kuunganishwa.

Swali la 7. Hapana. Kwanza, aya ya 1 na ya 3 zinaonesha kwamba kampuni ziliuachia mji mzigo wa nyumba, hospitali na maji. Pili, aya ya 3 inaeleza kwamba ruzuku ya serikali kuu ilikoma mwaka 2001. Unaweza pia kutaja kwamba wawekezaji binafsi walijiondoa. Swali la namna hii hupima kama unaweza kutofautisha kosa la mtu mmoja na mkusanyiko wa sababu. Usiandike "nadhani", andika "aya ya 3 inaonesha".

Swali la 8. Mji hupata nafuu unapokubali hali yake halisi na kujipanga kulingana nayo, badala ya kung'ang'ania ukubwa uliokwisha. Ujumbe usichanganywe na habari. "Maktaba ilifunguliwa mwaka 2020" ni habari. Funzo linalotokana nayo ndilo ujumbe.

Swali la 9: hatua za ufupisho

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha mawazo makuu:
– Aya ya 3: mji ulirithi mzigo, ukawekeza katika utalii kwa mikopo, ukaficha hasara.
– Aya ya 4: mwaka 2006 mji ulishindwa kuhimili madeni, mwaka 2007 ukasimamiwa na serikali kuu.
– Aya ya 5: huduma zilipunguzwa, lakini wananchi wakafufua tamasha.
– Aya ya 6: meya mpya alipanga mji kulingana na watu waliobaki.

Hatua ya pili ni kuacha vya pembeni: majina ya Kijapani, idadi ya vitanda, vikaragosi, tarehe ya treni ya mwisho. Vinapendeza katika kifungu, lakini ufupisho hauvihitaji.

Hatua ya tatu ni kuunganisha mawazo kwa maneno yako mwenyewe. Mfano:

Migodi ilipofungwa, halmashauri ya Yubari ilirithi huduma za kampuni na kuwekeza katika utalii kwa mikopo. Wageni hawakutosha, ruzuku ilikoma na mikopo ya muda mfupi ikaficha hasara. Mwaka 2006 mji ulikiri kushindwa kulipa madeni, na mwaka uliofuata ukawekwa chini ya usimamizi wa serikali kuu. Mishahara ilikatwa, kodi zikapanda, hospitali na shule zikapunguzwa. Hata hivyo, wananchi walifufua tamasha lao, na meya mpya, Suzuki, aliyechaguliwa mwaka 2011, akapanga mji ulingane na idadi ya watu: makazi yaliunganishwa, mabasi yakachukua nafasi ya reli.

Hatua ya nne ni kuhesabu. Ufupisho huu una maneno 78. Hesabu kila neno, yakiwamo "ya", "na" na "kwa". Mwaka ulioandikwa kwa tarakimu huhesabiwa kuwa neno moja. Katika rasimu ya kwanza usihesabu unapoandika. Andika, hesabu, kisha punguza au ongeza.

Kutoka ufahamu hadi insha

Kifungu kama hiki ni akiba ya hoja. Tuchukue swali la insha ya hoja: "Mji ulioishiwa madini ufanye kila njia kurudisha ukubwa wake wa zamani." Jadili.

Neno "jadili" linakutaka uangalie pande zote mbili, kisha utoe msimamo. Panga hivi:

Utangulizi. Eleza dhana, kisha dokeza msimamo. Mfano: Madini ni mali isiyoota tena ikishachimbwa; chovya chovya humaliza buyu la asali. Mji uliokua kwa sababu ya madini hulazimika siku moja kuamua kama utajaribu kurudi ulikotoka au utajipanga upya. Insha hii inaona kwamba kujipanga upya kulingana na hali halisi ni salama zaidi, mradi wakazi washirikishwe.

Hoja za kuunga mkono:
(a) Watu wakiongezeka, kodi huongezeka na huduma huendelea.
(b) Ajira mpya huzuia vijana kuhama.
(c) Majengo na miundombinu ya zamani huweza kupata matumizi mapya, kama makumbusho ya makaa yalivyoanzishwa Yubari.

Hoja za kupinga:
(a) Miradi mikubwa huhitaji mikopo, na hasara yake hubebwa na wakazi waliobaki. Mfano, deni la yen bilioni 35.3 kwa watu kama 13,000.
(b) Kutunza majengo na barabara za watu laki moja kwa kodi ya watu elfu chache ni mzigo usiobebeka.
(c) Shughuli inayokua polepole huweza kudumu kuliko mradi wa haraka. Mfano, kilimo cha tikiti kilichoanza tangu mwaka 1960.

Hitimisho. Rudia msimamo kwa ufupi, kisha toa pendekezo moja linalotekelezeka, kwa mfano, kila mji wa madini utenge akiba na kuanzisha shughuli nyingine wakati mgodi ungali unazalisha.

Tahadhari mbili. Kwanza, usihamishe kifungu kizima kwenye insha. Mfano mmoja wa mstari mmoja unatosha kwa kila hoja. Pili, usiandike kana kwamba kupungua ni jambo jepesi. Mzee aliyeishi miaka hamsini katika nyumba moja akiambiwa ahamie mtaa mwingine, anaacha majirani na kumbukumbu zake. Insha inayolitambua hilo, kisha ikaeleza kwa nini bado uamuzi huo unafaa, ina nguvu kuliko inayolificha. Mtetezi mzuri hujibu hoja kali ya upande wa pili, haikwepi.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: mikopo na ruzuku.
2. Andika nahau au methali mbili za Kiswahili, mbali na zilizotajwa katika somo hili, zinazoafikiana na aya ya 3. Eleza kila moja kwa sentensi mbili.
3. Kwa kila wakazi 16 wa Yubari mwaka 1960, mwaka 2020 alibaki takribani mmoja. Thibitisha kauli hii kwa takwimu za kifungu, kisha eleza kwa maneno yasiyozidi 40 athari mbili za upungufu huo kwa huduma za jamii.
4. "Suzuki aliukosesha mji reli." Mtu mwingine asema, "Suzuki aliupatia mji usafiri wa uhakika." Kwa kutumia aya ya 6, onesha msingi wa kila kauli, kisha utoe msimamo wako.
5. Fupisha aya ya 1 na ya 2 kwa maneno yasiyopungua 50 na yasiyozidi 60.
6. Andika barua kwa mhariri wa gazeti ukipendekeza mambo matatu ambayo mji wenye mgodi unaofanya kazi ufanye leo ili usije ukaaibika mgodi utakapofungwa. Zingatia muundo wa barua rasmi.

Kabla ya kusahihisha majibu yako, jiulize: Je, kila jibu linaonesha aya lilikotoka? Je, maana za maneno zinalingana na kifungu? Je, nimehesabu maneno ya ufupisho? Jibu likiwa "hapana" hata mara moja, rudi kwenye kifungu kwanza.